Kabla ya darasa la kwanza: pesa yako inanunua nini?

Ikifika Novemba, kuta za Dar es Salaam hujaa mabango ya shule: watoto wa miaka mitano wamevaa majoho, namba za simu chini yao, na tangazo kwamba nafasi zimebaki chache. Mwaka wa masomo Tanzania huanza Januari, kwa hiyo hizi ndizo wiki ambazo wazazi hukaa usiku na kalamu wakipiga hesabu. Mwenye mtoto wa miaka minne ana njia nyingi mbele yake. Lipo darasa la awali la shule ya msingi ya serikali, lisilo na ada. Zipo shule binafsi zinazotoza mamilioni kwa mwaka. Katikati kuna chekechea za mtaani, vituo vya kulelea watoto, madrasa, tuisheni za jioni, na siku hizi vishikwambi. Karibu zote zinaahidi kwamba mtoto atajua kusoma. Nataka tuzilinganishe kwa ahadi hiyo hiyo, kwa sababu nimeona familia zikijinyima chakula kizuri ili kulipia vitu ambavyo havimsogezi mtoto hata herufi moja.

Tuanze na kile hasa kinachonunuliwa. Kiswahili kimewapa watoto wetu bahati kubwa: kina irabu tano tu, na huandikwa kinavyotamkwa. Mtoto akishika a, e, i, o, u, na akaelewa jinsi zinavyoungana na konsonanti kupata ba, be, bi, bo, bu, anaweza kusoma neno ambalo hajawahi kuliona. Ugumu huja baadaye, kwenye mb, nd, ny, ng', dh na gh, na hiyo ni kazi ya darasa la kwanza na la pili, kwenye KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Kabla ya hapo mtoto wa miaka minne anahitaji maandalizi ya aina nne. Awe na maneno mengi kichwani, maana hawezi kusoma kwa kuelewa neno asilolijua. Sikio lake liweze kugawa neno katika silabi, ajue kwamba “kuku” na “kuni” huanza na sauti moja. Azoee maandishi yenyewe: kitabu hushikwa hivi, mstari huanzia kushoto, alama hizi nyeusi ndizo zinazosema. Na mkono wake upate nguvu ya kushika penseli, nguvu inayotokana na kufinyanga udongo, kuchambua mchele na kuchora chini kwa kijiti.

Mambo hayo yote hukua pale mtu mzima, au hata mtoto mkubwa, anapokaa na mtoto huyu mmoja, akamsikiliza na kumjibu. Ndiyo maana ninapopima chekechea, swali langu la kwanza ni la dakika. Mwanangu atapata dakika ngapi kwa siku za kusikilizwa yeye mwenyewe?

Sasa twende kwenye darasa la awali la serikali. Tangu Januari 2016 ada imefutwa katika shule za umma kuanzia awali hadi kidato cha nne. Mzazi anabaki na sare, viatu, begi, daftari na penseli, pamoja na michango ambayo wazazi wenyewe wamekubaliana kikaoni, mara nyingi uji. Tupige hesabu ya mfano, nawe uweke bei za mtaani kwako. Sare pea mbili na viatu, shilingi 50,000. Begi na vifaa, 20,000. Uji wa shilingi 500 kwa siku 194 za masomo, 97,000. Jumla ni 167,000 kwa mwaka.

Tatizo la darasa hili linajulikana: msongamano. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali, lakini katika shule nyingi za mijini utakuta mwalimu huyo mmoja ana watoto mara tatu au nne ya hapo. Tuseme kila siku anapata saa mbili za kushughulika na mtoto mmoja mmoja. Akiwa na watoto 80, kila mmoja anapata dakika moja na nusu. Hata angekuwa mwalimu hodari kiasi gani, muda wa siku haumtoshi. Hilo lisikufanye ulidharau darasa lake. Pale mtoto anajifunza kukaa na wenzake, kupokezana, kuimba, kufuata maelekezo ya mtu asiye mzazi wake, na anajifunza kwa Kiswahili anachokielewa. Kabla ya kuandikisha, nenda shuleni siku ya kazi saa tatu asubuhi ukaone. Je, awali wana chumba chao, au wamebanwa nyuma ya darasa la kwanza? Je, mwalimu wao amesomea elimu ya awali? Je, choo kinamfaa mtoto mdogo? Shule mbili za kata moja zinaweza kutofautiana sana kwa mambo haya, na zote mbili hazina ada.

Kwenye shule binafsi ndiko hesabu inakohitaji macho makali, kwa sababu ada iliyoandikwa kwenye fomu ni sehemu tu ya gharama. Chukua mfano wa shule ya wastani jijini. Ada ni 1,200,000 kwa mwaka, inayolipwa kwa awamu nne. Basi la shule, 60,000 kwa mwezi kwa miezi kumi, ni 600,000. Chakula cha shilingi 2,000 kwa siku 194 ni 388,000. Sare, sweta, nguo za michezo na viatu ni 120,000. Karatasi, rangi na vitabu vya mazoezi, 40,000. Mahafali, pamoja na joho la kukodi na picha, 50,000. Jumla inafika 2,398,000, yaani karibu mara mbili ya ada uliyotajiwa getini. Na shule nyingi za aina hii zina madarasa matatu ya chekechea, kuanzia miaka mitatu, wakati sera ya elimu inataja mwaka mmoja tu wa awali kabla ya darasa la kwanza. Anayeanza mapema hulipa zaidi ya milioni saba kabla mtoto hajaingia shule ya msingi. Ukibanwa na pesa, hapo ndipo pa kwanza kupunguza: mtoto wa miaka mitatu hapungukiwi chochote cha kusoma kwa kubaki nyumbani penye mazungumzo.

Turudi kwenye dakika. Tuseme shule hiyo ina watoto 20 kwa mwalimu, na saa zile zile mbili. Mtoto anapata dakika sita kwa siku badala ya moja na nusu. Tofauti ni dakika nne na nusu, ambazo kwa siku 194 zinafika dakika 873, kama saa 14 na nusu. Umelipa shilingi 2,231,000 zaidi ya jirani yako wa shule ya serikali, kwa hiyo kila dakika ya ziada imekugharimu karibu shilingi 2,550. Najua pesa hiyo inanunua mengine pia: uzio, choo safi, chakula cha mchana, na saa za kazi kwa mama anayerudi jioni. Hayo yana thamani, na mzazi anayeyahitaji alipie kwa moyo mweupe. Ila ayalipie akijua ndiyo anayoyanunua.

Wazazi wengi, hata hivyo, hawaendi shule binafsi kwa ajili ya uzio. Wanaenda kwa ajili ya Kiingereza. Hapa nitasema wazi ninavyoona: kwa mtoto wa miaka minne anayezungumza Kiswahili nyumbani, chekechea ya Kiingereza ya bei ndogo ndiyo mbaya kuliko njia zote. Ni ghali kuliko ya serikali, na mara nyingi mwalimu mwenyewe hana Kiingereza cha kutosha kuzungumza na watoto kwa uhuru, kwa hiyo mazungumzo, ambayo ndiyo kiini cha elimu ya umri huu, yanakatika. Watoto wanabaki kuitikia kwa pamoja maneno wasiyoyaelewa. Kisha kuna irabu. Mtoto anafundishwa kwamba herufi E huitwa jina linalosikika kama “i” ya Kiswahili, I huitwa “ai”, na A huitwa “ei”. Jioni anakuta kitabu cha Kiswahili ambamo E ni e na I ni i. Mtoto mwenye mtu wa kumwelekeza hulivuka hilo, asiye naye hukwama kwa muda mrefu. Mwenye kuweza shule nzuri kweli ya Kiingereza, yenye walimu wanaokiongea, asizuiwe, lakini nyumbani amfundishe sauti za Kiswahili kwanza. Akishajua kwamba herufi hubeba sauti, Kiingereza kitapata pa kushika.

Kabla ya kulipa hata awamu moja, uliza usajili. Shule ya awali husajiliwa na wizara ya elimu. Kituo cha kulelea watoto mchana kiko chini ya Ustawi wa Jamii. Chumba cha mtaani kisicho na usajili wa upande wowote kinaweza kuwa na mama mwema sana ndani yake, ila siku mtoto akiumia huna pa kupeleka shauri. Omba kuona cheti, na mwenye shule makini atakionyesha bila kununa.

Madrasa zisisahaulike, hasa kwa wasomaji wa Pwani na Visiwani. Katika miaka ya 1980 jamii za Kiislamu za pwani ya Kenya, zikisaidiwa na Wakfu wa Aga Khan, zilianzisha mpango wa chekechea ndani ya madrasa mjini Mombasa. Bi Swafiya Said ndiye aliyekuwa mstari wa mbele kwenye ufundishaji, na baadaye mpango ukaenea Zanzibar na Uganda. Walimu walikuwa wanawake wa mtaa ule ule, wakapewa mafunzo na kutembelewa kazini mara kwa mara. Vifaa vya darasani vilitengenezwa kwa vitu vinavyookotwa, kama vifuu, vizibo, makopo, ukili na mbegu. Mfano huu ninaupenda kwa sababu pesa iliwekwa kwenye kumfundisha mwalimu, na vitu vya kuchezea vikatoka uani. Ukiona madrasa ya jirani ina watoto wanaochezea vitu, wanaosimuliwa na kuulizwa maswali, ada yake ndogo ni biashara nzuri kwako. Ukikuta wamekaa kimya wakikariri mchana kutwa, dini watapata, lakini maandalizi ya kusoma utayatafuta nyumbani.

Nyumbani ndiko pesa ndogo inakofanya kazi kubwa, na hapa sitakimbia. Tenga shilingi 200,000 kwa mwaka. Kwa wastani wa shilingi 5,000, hivyo ni vitabu vya hadithi 40 vya Kiswahili, karibu kitabu kipya kwa kila wiki ya masomo. Msomee dakika 15 kwa usiku 300 na utapata dakika 4,500, yaani saa 75. Kila dakika imekugharimu kama shilingi 44. Hakuna shule ya bei yoyote inayoweza kushindana na hesabu hiyo, na ndiyo maana namshauri mwenye kipato kidogo achague awali ya serikali na aweke kilichobaki kwenye vitabu.

Vitabu vyenyewe vipo. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza 1991, ulisaidia kuzaa hadithi nyingi za Kiswahili kwa kushirikiana na wachapishaji wa ndani. Mkuki na Nyota na E&D Vision nao wana vitabu vya watoto. Ukinunua, angalia mambo machache. Picha zichukue nafasi kubwa kuliko maneno. Ukurasa uwe na sentensi moja au mbili, kwa herufi kubwa za kuonekana. Hadithi iwe na jambo linalorudiwa, ili usiku wa tatu mtoto alimalizie mwenyewe. Karatasi iwe ngumu, maana kitabu cha mtoto hulaliwa na kumwagiwa chai. Vitabu vya mazoezi ya kufuatisha nukta, vinavyouzwa kila duka la vifaa vya shule, viache kwanza. Hufundisha mkono kabla sikio halijafunguka, na mtoto huchoka navyo haraka.

Hata hizo 200,000 zikikosekana, kuna njia. African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, una hadithi za bure mtandaoni, za Kiswahili zikiwemo, na inaruhusiwa kuzichapa. Hadithi ya kurasa 16 ukiipanga kurasa mbili kwa kila upande wa karatasi ni pande nane. Kwa shilingi 100 kwa upande umepata kitabu kwa shilingi 800, ukakishone kwa sindano na uzi. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo imeweka vitabu vya kiada kwenye Maktaba Mtandao yake, visomwe bila malipo. Kwa walio Dar es Salaam, Maktaba Kuu ya Taifa iliyo barabara ya Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ina sehemu ya watoto, na miji mingi ya mikoa ina tawi. Nauli ya daladala kwa Jumamosi moja kwa mwezi ni gharama inayovumilika.

Atakayesoma ni nani, kama baba anafika saa tatu usiku na mama bado yuko gengeni? Kaka wa darasa la tano anaweza, na atanufaika yeye pia. Dada wa kazi anaweza, ikiwa atapewa muda huo kama sehemu ya kazi yake, asiongezewe juu ya vyombo na nguo. Bibi asiyejua kusoma ana hazina yake: hadithi njoo, kitendawili tega, nyimbo za kuruka kamba, majina ya samaki na ya miti. Mtoto aliyelelewa kwa masimulizi huingia darasa la kwanza na maneno mengi, na mwalimu humtambua wiki ya kwanza. Mwenye kusoma naye asisome kama anayetangaza habari. Asimame, aulize: unadhani sasa sungura atafanya nini? Huyu amekasirika, umejuaje? Mtoto akijibu neno moja, mrudishie sentensi nzima. Asipotaka kuendelea, funga kitabu.

Televisheni na simu zina nafasi ndogo. Ubongo, taasisi ya Dar es Salaam, hutengeneza Akili and Me, katuni ya msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, na inapatikana kwa Kiswahili. Kwa mwenye televisheni tayari, hiyo ni karibu bure, na ni bora mara nyingi kuliko katuni za kigeni anazoziangalia mtoto bila kuelewa. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba watoto wa miaka miwili hadi minne wasizidi saa moja ya skrini kwa siku, na pungufu ya hapo ni bora zaidi. Kaa naye, imba naye, kisha zima.

Kishikwambi nakitaja kwa sababu wauzaji hupenda kusema kinafundisha chenyewe. Ushahidi tulionao ulitoka hapa hapa. Kati ya 2017 na 2019, shindano la Global Learning XPRIZE liligawa vishikwambi kwa watoto karibu 3,000 katika vijiji 170 vya Tanga, vikiwa na programu za Kiswahili na vituo vya kuchajia kwa jua. Kabla ya kuanza, zaidi ya tisa katika kila watoto kumi hawakuweza kusoma neno hata moja la Kiswahili, na baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Mei 2019 programu za onebillion na Kitkit School zilitoka sare kwenye ushindi. Ni matokeo ya kuheshimiwa. Lakini tuyasome vizuri: wale walikuwa watoto wakubwa zaidi, wengi wakiwa hawajawahi kukanyaga shule, na programu zilijengwa kwa ajili yao. Mtoto wako wa miaka minne mwenye watu wazima kandoni hayuko katika hali hiyo, na kishikwambi cha bei rahisi kilichojaa michezo na matangazo si programu zile. Pesa ya kifaa kimoja hununua vitabu vingi vya hadithi.

Tuisheni ya jioni kwa mtoto wa umri huu sioni sababu ya kuilipia. Ametoka darasani amechoka, anahitaji kucheza na kulala. Kama kuna anayekuja nyumbani na kulipwa, mlipe akae amsomee na kuzungumza naye, daftari libaki kwenye begi.

Mwezi wa nne ukifika, mpime kabla ya kulipa awamu inayofuata. Je, anatambua jina lake likiandikwa? Je, anaweza kupiga makofi kwa silabi za “nyanya” na “kiboko”? Je, anasimulia alichokula, mwanzo hadi mwisho, kwa mtu ambaye hakuwepo? Je, huchukua kitabu mwenyewe na kujifanya anasoma? Akiyafanya haya, mahali alipo panamfaa, pawe pa ada au pasipo ada, na hakuna haja ya kuhama kwa sababu jirani amehama. Asipoyafanya, usikimbilie shule ya bei kubwa. Kwanza mpeleke hospitali akapimwe masikio na macho, kwa sababu mtoto mwenye usaha wa muda mrefu sikioni anaweza asisikie tofauti ya “pa” na “ba”, na hiyo haitibiwi na shule yoyote. Akiwa mzima, tazama dakika zake za nyumbani, na mwisho kabisa ndipo utazame ada.